Nafasi ya Vidole Vitatu

Nyumba yangu ya kwanza iliua tawi. Nilikuwa na miaka kumi, Butembo, mashariki mwa Kongo, na nyuma ya jiko la mama palikuwa na mti wa avoka wenye matawi mapana. Nilikuwa na mbao nne, misumari niliyoinyoosha juu ya jiwe, na waya wa kufungia mizigo ya baiskeli. Waya niliuzungusha tawini mara tatu nikaukaza kwa koleo mpaka ukalia. Kijumba kikanibeba misimu miwili ya mvua. Mwaka wa tatu majani ya tawi lile yakawa madogo, ya manjano, na gome likavimba upande wa mbele wa waya kama kidole kilichovishwa pete ya mtu mwingine. Baba hakunipiga. Alichukua panga, akalikata tawi lililokauka, akaniachia kuni nizibebe mwenyewe.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa nilichokosea. Mti hurefuka nchani tu. Msumari uliopigwa usawa wa kifua leo utabaki usawa wa kifua hata mti ukifika mawinguni. Lakini mti hunenepa kila upande, na chakula kinachotoka majanini hushuka kupitia ngozi laini iliyo chini ya gome. Ukiifunga ngozi hiyo pande zote, umeukaba koo.

Nililikumbuka tawi lile nilipokuwa nimekaa katika karakana ya fundi mmoja kando ya barabara, hapa hapa mjini. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza, na anayaheshimu yote sawasawa. Siku hiyo alikuja mfanyabiashara na picha kwenye simu: nyumba juu ya mti, vioo pande tatu, kitanda kipana, na beseni kubwa la kuogea likitazama msitu. Alitaka ya namna hiyo upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ili amani ikikaa, wageni wanaopanda mlima walale kwake wakishuka.

“Papa fundi, inawezekana?”

“Inawezekana. Lakini beseni libaki chini.”

Mteja alicheka. Fundi hakucheka. Maji lita 200, alisema, ni kilo 200 kabla hujampima anayeoga, tena ni kilo zisizotulia. Upepo ukisukuma mti, maji yanakwenda nao, kisha mti ukirudi maji bado yanakwenda.

Kisha akaokota kipande cha ubao wa libuyu, mti wa mbao wa huku kwetu, akapiga msumari katikati, akafunga uzi na kuchora duara. “Huu ndio mti.” Akaulegeza uzi, akachora duara la pili nje ya la kwanza, akaweka vidole vitatu kati ya mistari hiyo miwili. Vilienea. “Na hapa ndipo pangu.”

Mtu akiitazama nyumba ya mtini huona sakafu, paa na ngazi. Fundi huona ule uwazi unaouzunguka mti pale unapopenya sakafu, usio na ubao wala msumari. Ukiuziba kwa sababu mbu wanapita, au kwa sababu mteja hapendi kuona chini, umerudi kwenye waya wangu wa baiskeli. Vivyo hivyo kwa boriti. Kama nyumba imeshika miti miwili, kila mti una mwendo wake kwenye upepo. Boriti hufungwa imara upande mmoja, na upande wa pili huachwa iteleze juu ya chuma. Ukikaza pande zote mbili, usiku mmoja wa dhoruba utasikia mbao zikipasuka, na kosa si la upepo.

Marekani, huko Takilma katika jimbo la Oregon, Michael Garnier aliyejenga nyumba za wageni mitini alikuja na bolti nene yenye kola, inayobeba boriti mbali kidogo na gome. Jirani yangu aliamini kwamba tundu moja kubwa la bolti huumiza mti kuliko misumari arobaini. Ni kinyume. Mti hauponyi kidonda kama mwili wa mtu, ila hukizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta mmoja unajengeka. Arobaini zilizosongamana hukutana, na katikati panaoza.

Si kwamba kukaa juu tumefundishwa na wageni. Pwani wanaita dungu, jukwaa la miti shambani ambapo mtoto huketi na kombeo akilinda mpunga. Na katika msitu wa Ituri, Wambuti hupanda kufuata asali mahali ambapo fundi wangu angetaka kamba tatu. Kibanda chao kiko chini, lakini mjenzi yeyote wa paa angefaa kukitazama: fito zilizopindwa, kisha majani ya mongongo yakipangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ile ya chini yake, maji yasipate pa kuingilia. Wakihama, msitu unakichukua bila kuombwa.

Hapa Afrika Mashariki nyumba ya mtini iliyosifiwa kuliko zote ni Treetops, karibu na Nyeri, Kenya. Eric Sherbrooke Walker aliijenga mwaka 1932 kwenye mgumo katika msitu wa Aberdare. Elizabeth wa Uingereza alilala pale tarehe 5 Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, baba yake akafariki usiku huo, naye akawa malkia kabla hajajua. Hadithi hiyo imewauzia watu vyumba vingi. Isiyouza ni hii: mgumo ni mti wa ibada kwa Wakikuyu, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma nyumba ile. Ilirudi mwaka 1957 mkabala na pale pa zamani, kubwa zaidi, juu ya nguzo. Chumvi na maji viliwekwa ili tembo wasogee mbele ya wageni. Walisogea kweli, wakaimaliza miti ya karibu, na hoteli yenye jina la vilele vya miti ikabaki ikitazama uwanja.

Mimi moyo wangu uko Chole, kisiwa kidogo ndani ya ghuba ya Mafia, Tanzania. Nyumba za wageni za Chole Mjini, kwenye mibuyu, zilijengwa na mafundi wa majahazi wa kisiwani. Nani mwingine angefaa? Mtu aliyezoea kwenda porini kutafuta tawi lililopinda lenyewe ili liwe taruma la jahazi, anayechonga kwa tezo na kutoboa kwa keekee, hashangazwi na nyumba isiyo na pembe mraba. Tena amezoea kitu kinachoyumba. Na mbuyu unataka adabu yake, maana ndani ni nyuzi zilizojaa maji, hauishiki bolti kama mvule. Mzigo unataka kuegemezwa, haufai kuning'inizwa. Usiku ni taa za mafuta, choo ni cha mboji, na sehemu ya malipo ya mgeni huenda kijijini. Anasa yenyewe ni giza, na popo wakubwa wakirudi kutoka kula matunda.

Kwetu ningependa iwe hivyo: choo cha kumwagia maranda badala ya maji, mtungi unaopanda kwa kapi, taa zinazotumia umeme wa maji, ambao Mutwanga wanao tangu 2013. Nguzo za kalitusi zikate mapema, zikauke kivulini, kwa sababu kalitusi mbichi hujisokota na kupasuka kama ina hasira. Na nyumba usiitundike kamwe kwenye kalitusi iliyo hai. Ina tabia ya kudondosha matawi.

Lakini sitajifanya kipofu. Virunga, inayopakana na Mutwanga, ni hifadhi ya taifa tangu 1925, ya kwanza Afrika, na mtu wa Beni ukimtajia kulala msituni hatafikiria ndege. Tangu Oktoba 2014 watu wamechinjwa mashambani mwao, na wengi wanalala mjini ili wasilale karibu na miti. Mteja wa picha ya simu alilijua hilo kuliko mimi, ndugu zake ni wa Oicha, huko huko Beni. Ndiyo sababu alisema “amani ikikaa”, akaomba bei hata hivyo.

Fundi aliiandika nyuma ya karatasi ya saruji. Libuyu, boriti, bolti, kapi, siku za wasaidizi, usafiri. Mstari wa mwisho mteja akauwekea kidole.

“Hii ya mwaka kesho ni ya nini?”

“Ya kurudi.”

“Kurudi kufanya nini, Papa? Si utakuwa umemaliza?”

“Kupanua tundu.”

Mteja akataka mstari huo ufutwe. Fundi akamrudishia karatasi, akashika randa, akaendelea na mlango wa mtu mwingine.