Lita Kumi Zilizo Chini ya Changarawe

Nilipoteza samaki 11 asubuhi moja, na nilichelewa sana kuelewa kwamba hawakuuawa na umeme kukatika. Waliuawa na umeme kurudi.

Usiku ule umeme ulikatika mnamo saa tatu, pampu ya hewa ikanyamaza. Samaki walikuwa wachache kwa maji yale, nikajiambia watavumilia hadi asubuhi. Walivumilia kweli. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia pampu ikianza kunguruma, nikageukia ukutani nikalala. Nilipoamka, sebule nzima ilikuwa inanuka yai viza. Samaki walikuwa juu ya maji wanatweta, wengine wameshalala ubavu. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kama ya kunywa.

Chujio la tangi lile nililitengeneza kwa mikono yangu, kwa mabomba ya plastiki ya kupitishia maji nyumbani. Nikalifumua, nikalipima, nikalijenga upya. Haya ndiyo niliyoyaona, na nayaandika kwa ajili ya yeyote mwenye tangi la samaki wa mapambo, msumeno wa chuma, na umeme usio wa kutegemea.

Chujio la chini ya changarawe halina siri. Unalaza sakafuni mwa tangi mabomba yaliyotobolewa, au bamba lenye matundu lililoinuliwa kwa vijiguu vifupi, kisha unamwaga changarawe juu yake. Pembeni linasimama bomba la kupandishia maji, na ndani yake unashuka mpira mwembamba wa hewa. Mapovu yakiingia chini ya bomba hilo, maji yaliyomo yanakuwa mepesi kuliko yaliyo nje, na maji ya nje yanayasukuma juu kwa uzito wake. Yanayopanda yanaacha nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na maji yanayoteremka kupitia changarawe. Hakuna mota inayogusa maji, wala sifongo la kubadilisha.

Wengi hulichukulia kama ungo wa kunasia uchafu. Uchafu unanasa, ndiyo, lakini kazi inayowaweka samaki hai ni ya bakteria waliojishikiza kwenye kila kijiwe. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavuni, na amonia ni sumu kwake. Bakteria huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, ambayo samaki wengi huistahimili mpaka utakapobadilisha maji. Kila hatua hapo inakula oksijeni. Gramu moja ya nitrojeni ya amonia, ili ifike kwenye nitreti, inahitaji takriban gramu 4.6 za oksijeni. Naomba msomaji aishike namba hiyo, maana tutaihitaji.

Jambo hili lilionekana kwenye mchanga kabla ya mtu yeyote kuwaona bakteria wenyewe wakifanya kazi. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na chokaa ndani ya bomba refu, wakapitisha majitaka polepole. Kwa siku 20 amonia iliingia juu ikatoka chini vilevile. Kisha nitreti ikaanza kutoka. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ikasimama, wakajua kwamba mle ndani kuna kitu kilicho hai. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga bakteria hao. Hata mwaka 2015 bado wanasayansi walikuwa wanashangazwa nao: walitangaza kwamba wapo wa jamii ya Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, na kundi moja kati ya yaliyotangaza hilo lilikuwa limewapata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Ukiweka tangi jipya leo, zile siku 20 za Wafaransa utazipitia na wewe, na mara nyingi zitazidi. Mwezi mmoja hadi wiki sita ni kawaida, kwa hiyo anza na samaki wawili, usianze na kumi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 40. Changarawe ina kina cha sentimita 7, vijiwe vya milimita 4 hivi, kwa hiyo ni lita 25 za changarawe. Ukivihesabu vijiwe hivyo kama vitufe, na nafasi kati yao kama asilimia 40, uso wote ambao bakteria wanaweza kuushika ni karibu mita za mraba 22. Ni sakafu ya sebule nzima, imekunjwa ndani ya tangi la mezani. Vioo vyote vya tangi pamoja havifiki mita za mraba moja na nusu. Mchanga wa milimita moja ungenipa uso mara nne zaidi, ila unaziba upesi na mapovu hayana nguvu ya kuvuta maji kupita humo. Kokoto kubwa za ujenzi nazo zinaacha mianya ambamo mabaki ya chakula yanatumbukia na kuoza. Kati ya milimita 3 na 5 ndipo pazuri.

Sasa niseme makosa ya chujio la kwanza. Nilichukua mabomba ya nusu inchi, nikayaunganisha kwa elbo na tii mpaka yakawa kama ngazi iliyolala, nikayatoboa matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita mbili, yakiangalia juu. Niliona fahari: matundu mengi, makubwa, maji yatapita bila taabu. Yalipita kweli bila taabu, yakapitia pale palipokuwa karibu. Tundu la milimita 6 ni pana kuliko linavyoonekana. Saba tu ya aina hiyo yanalingana na mdomo mzima wa bomba la nusu inchi, na mimi nilitoboa zaidi ya 40 kwenye kila bomba. Matundu machache ya jirani na bomba la kupandishia yaliyameza maji yote, na yale ya mwisho wa tangi hayakuvuta chochote. Nilipofumua, theluthi moja ya changarawe upande wa mbali ilikuwa nyeusi tii. Weusi ule na harufu ya yai viza vina asili moja: pale oksijeni imekosekana, wakashamiri bakteria wanaotumia salfeti badala yake, nao wanatoa haidrojeni salfaidi.

Chujio la pili nililitoboa kwa drili ya milimita 3. Matundu 28 ya kipimo hicho ndiyo yanayolingana na mdomo wa bomba, nami nikaweka 24 kwa kila bomba, machache karibu na mahali pa kuvutia, yakikaribiana kadiri yanavyoenda mbali, na yote yakiangalia chini ili vijiwe visiyazibe. Tundu likiwa dogo linayabana maji kidogo, na ubanaji huo ndio unaoyalazimisha yaje kutoka kila upande. Ukitumia bamba lililoinuliwa huna haja ya hesabu hii, kwa sababu uwazi ulio chini yake unasawazisha mvuto wenyewe; bati la plastiki la kuezekea, likitobolewa na kukatwa vizuri, linafaa sana. Ubaya wake ni kwamba tope laini linajikusanya chini ya bamba, mahali usipoweza kufika bila kuvunja kila kitu. Mimi nimechagua mabomba, na sijajuta.

Usikubali kuamini kwamba linavuta sawasawa mpaka umeona. Kabla ya kuweka samaki, nilichukua bomba la sindano bila ncha, nikavuta rangi nyekundu ya chakula, nikaidondosha taratibu juu ya changarawe karibu na kioo, sehemu moja baada ya nyingine, saa mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima wingi wa maji: unaukunjua mfuko mwepesi wa plastiki usio na hewa kwenye mdomo wa bomba, ndani ya maji, unauacha nusu dakika, kisha unapima kilichoingia. Kila bomba lilinipa lita moja na robo. Mabomba mawili, basi, lita 300 kwa saa. Kwa eneo la tangi langu na mianya ya changarawe, maji yanatakiwa kushuka sentimita 7 kwa dakika mbili. Katikati rangi ilifika chini kwa dakika mbili kasoro, pembeni mbili na nusu. Lile chujio la kwanza nililijaribu vilevile kwenye beseni baadaye, na upande wa mbali rangi ilikaa juu kama blanketi dakika 20, haishuki.

Kuhusu mapovu, mawili tu. Hewa iingie chini kabisa ya bomba, kwa sababu urefu wa safari yake ndio nguvu yake. Na mdomo wa juu uishie usawa wa maji. Kila sentimita unayoinua juu ya hapo, kwa kupenda kuona maji yakimwagika, unailipia kwa maji yanayopita kwenye changarawe.

Kuna samaki ambao wataupinga mpango wako wote. Wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hawapumziki kuchimba. Samaki wa sentimita tatu anahamisha mchanga kwa mdomo mpaka gamba lake limezama alivyotaka. Huko ziwani amezoea kuchimba, na humo tangini atachimba mpaka afike kwenye mabomba yako. Mara tu mabomba yanapokuwa wazi, maji yote yanapitia shimo hilo, na changarawe iliyobaki inakaa bila kuvutwa, kama ile pembe yangu nyeusi. Kwao hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya maji wanayoyataka. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia moja ya amonia yote ndiyo iko katika hali yake kali ya sumu. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kosa dogo ambalo samaki wa mtoni angelisamehe, yeye linamuua. Dawa yake ni wavu wa plastiki wa dirishani: unamwaga sentimita 4 za changarawe, unalaza wavu wote mpaka kwenye vioo, unamalizia juu yake. Wanachimba, wanafika kwenye wavu, wanaishia hapo.

Bakteria wa changarawe wanakula pia ugumu wa kaboneti wa maji, ule unaozuia pH isishuke. Ukiona pH inateremka wiki hadi wiki, changanya vipande vya mawe ya chokaa kwenye changarawe. Usisafishe changarawe yote kwa siku moja, wala usiisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini, kwani klorini itafanya kile klorofomu ilichofanya mwaka 1877. Chupa ya maji iliyokatwa kitako, ikaunganishwa na mpira, inatosha kunyonya uchafu theluthi moja ya sakafu kila wiki.

Nirudi kwenye usiku ule. Lita 25 za changarawe zina mianya ya asilimia 40, yaani lita 10 za maji zimekaa katikati ya vijiwe. Maji ya joto la kwetu, pampu ikifanya kazi, yana miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita. Jumla ni miligramu 70. Samaki wangu walikula gramu 5 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 40, na protini ina nitrojeni karibu asilimia 16. Ni gramu 0.32 za nitrojeni. Tuseme nusu yake inafika kwenye changarawe kama amonia. Izidishe kwa ile 4.6, igawe kwa saa 24, unapata miligramu 30 za oksijeni kila saa. Miligramu 70 zinaisha kwa saa mbili na ushee, na hapo sijawahesabu bakteria wanaoozesha mabaki, ambao nao wanavuta. Umeme wangu ulikatika kwa saa nane.

Juu ya changarawe samaki walikuwa na hewa yao, kwa sababu uso wa maji ni mpana na wao ni wachache. Chini, zile lita 10 zilikuwa zimegeuka maji mengine kabisa, hayana oksijeni, yana amonia isiyoshughulikiwa, na upande wa pembe nyeusi yana haidrojeni salfaidi. Pampu ilipoamka, jambo la kwanza ililofanya ni kuyapandisha na kuyamwaga juu ya samaki.

Tangu hapo nimenunua pampu ndogo ya betri, na pampu kubwa nimeipandisha kwenye rafu juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira na kuingia kwenye pampu, kisha kwenye soketi. Swichi ya pampu hiyo kubwa naizima mara tu taa zinapozimika, isije ikawaka yenyewe nikiwa nimelala. Umeme ukikosekana kwa muda mrefu na betri ikaisha, siiwashi pampu kubwa hata umeme ukirudi. Nachukua mpira mwembamba, naushusha ndani ya bomba la kupandishia mpaka chini kabisa, navuta maji kwa mdomo hadi yaanze kushuka, nauelekeza kwenye ndoo. Lita tano kwa bomba hili, lita tano kwa lile. Ndoo ya kwanza huwa na harufu. Naongeza maji yaliyolala kwenye ndoo tangu jana, naweka mkono juu ya ndoo ya pili na kunusa, na isiponuka ndipo nawasha pampu.