Miale 24 ya Pigeon Point

Picha maarufu za mnara wa taa wa Pigeon Point, pwani ya California kusini mwa San Francisco, zinaonyesha kitu ambacho nahodha hakukiona: miale mingi imetandazwa juu ya mnara kwa pamoja kama njiti za mwavuli. Aliye baharini alikuwa akiona mmweko mmoja kila baada ya sekunde 10, kisha giza. Picha hazidanganyi. Mpiga picha alisimama miguuni mwa mnara, nahodha alikuwa mbali mbele ya mwale.

Siri ni lenzi iliyowashwa humo mwaka 1872, ya aina iitwayo Fresnel, daraja la kwanza: prizimu 1,008 katika paneli 24 zinazozunguka taa moja. Taa haikuzimika. Lenzi ndiyo iliyozunguka, mara moja kwa dakika 4, na kila paneli ilipopita ilimpiga nahodha mwanga usoni.

Sasa hesabu. Miale 24 katika duara la digrii 360 iliachana kwa digrii 15, na ilisogea digrii 1.5 kila sekunde. Ukiacha shata ya kamera wazi sekunde 5, kila mwale umeshafuta nusu ya pengo. Sekunde 10 kamili, umefika alipokuwa jirani yake, na anga nzima imekuwa uji mweupe. Ndiyo maana aliyezoea kupiga nyota kwa sekunde 30 aliambulia patupu hapa. Sekunde moja ilitosha: tundu la kamera wazi kabisa, aiso juu, chenga za picha zivumiliwe. Unyevu kidogo hewani ulikuwa neema, kwani tunachokiona ni vitone vinavyomulikwa, si mwale wenyewe. Mbalamwezi huviza kila kitu.

Lenzi iliposimamishwa, hesabu yote hii haikuwa na kazi. Hata nusu dakika ilikubali. Picha ilitoka safi mno, ila kwangu ilikuwa kama kupiga picha ya mcheza ngoma aliyeambiwa asitikisike.

Fursa ya kupiga picha hizo ilikuwa katikati ya Novemba kila mwaka, lenzi ilipowashwa kwa saa chache kukumbuka siku yake ya kwanza. Kisha mwaka 2001 vipande vya ukingo wa juu wa mnara vilianguka, wageni wakazuiwa kupanda. 2011 lenzi ikashushwa hadi jengo la king'ora cha ukungu, hapo hapo kando. Leo unaitazama ana kwa ana, karibu mita 5 za kioo, na adui si muda tena bali sura yako inayojirudia katika kila prizimu. Zima flashi, vaa shati jeusi.