Hongera, Wahungaria wa Majini

Hungaria haina bahari. Hata hivyo, katika polo ya majini, timu yake ya wanaume ina dhahabu 9 za Olimpiki, ya kwanza mwaka 1932, na hakuna taifa lililoifikia. Kwa hilo, shirikisho lao la mchezo huu linastahili pongezi za dhati.

Mchezo wenyewe si lelemama. Wachezaji 7 kila upande, na ni marufuku kukanyaga chini. Tazama miguu yao: inazunguka chini ya maji bila kupumzika, mmoja kulia, mwingine kushoto, ili kifua kiinuke na mkono mmoja udake mpira, maana asiye kipa haruhusiwi kuushika kwa mikono miwili.

Mwaka 1956 huko Melbourne, wiki chache baada ya vifaru vya Kisovieti kuzima uasi wa Budapest, walikutana na Wasovieti. Ervin Zádor alipigwa ngumi, akatoka bwawani damu ikimchuruzika usoni. Hungaria ilikuwa mbele 4-0. Wakatwaa dhahabu, ingawa baadhi yao, Zádor akiwemo, hawakurudi nyumbani.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi ujuzi unavyorithishwa. Dénes Kemény, kocha wa dhahabu za 2000, 2004 na 2008, baadaye alikuwa rais wa shirikisho hilohilo. Hivyo ndivyo michezo inavyopaswa kuongozwa: na watu walioloa.

Mwaka 2023, huko Fukuoka, Hungaria ilitwaa tena ubingwa wa dunia.