Chaji si kilo

Wandugu, mwezi uliopita nilisoma tena memwari yangu mwenyewe, ile ya kapta za elektrodi za kupima unga wa chokaa unaosukumwa na hewa ndani ya tuyo. Juri ilinipa alama nzuri. Leo ninaikosoa, juu wadogo wetu wanaomba kopi yake, na mmoja tayari anaifuata ukurasa kwa ukurasa.

Nusu ya kwanza bado inasimama. Chembe zikisugua ukuta wa tuyo na zikigongana, zinapata chaji. Unafunga pete mbili za chuma kwenye kipande cha tuyo kisichopitisha umeme, moja mbele, moja nyuma. Si lazima chembe ziguse pete: zikipita tu, zinaamsha mkondo mdogo sana wa umeme. Pete ya pili inaona karibu mchoro uleule, ila kwa kuchelewa. Kompyuta inasogeza mchoro mmoja juu ya mwingine mpaka vifanane, inapata muda. Pete zikiachana milimita 100 na kuchelewa kukiwa milisekunde 5, chembe zinaenda mita 20 kwa sekunde. Chaji ikiwa nyingi ao kidogo, muda ni uleule. Hapo ndipo uzuri wa kapta hii, na hapo ningesimama.

Sikusimama. Katika sura ya 4 nilichukua nguvu ya mchoro nikaigeuza kuwa kilo kwa sekunde. Mstari ulinyooka kwenye grafu, nikafurahi. Lakini vipimo vyote ni vya mwezi wa 8, kiangazi, chokaa ya aina moja, tuyo moja. Mwezi wa 1 hewa ya Lubumbashi imejaa maji. Hewa hiyo ikiingia kwenye tuyo bila kukaushwa, chaji inatoroka, na kilo zilezile zinaonekana pungufu. Chembe zikiwa kubwa zaidi, ao tuyo ikichakaa ndani, mstari unahama tena. Halafu pete inasikia zaidi chembe za karibu na ukuta kuliko za katikati. Yong Yan, katika makala yake ya mwaka 1996, alishatenganisha kasi ya chembe na wingi wao ndani ya tuyo: ni vipimo viwili, na masi inavihitaji vyote. Nilimtaja kwenye biblio bila kumsoma mpaka mwisho (tusidanganyane, wengi tunafanya vile).

Viwanda vyetu vya shaba na kobalti vinatumia chokaa kupunguza ukali wa asidi, na chokaa inalipwa kwa tani. Kapta ikisema kilo pungufu, mwenye kuleta mzigo analipwa pungufu, ao fundi anaongeza chokaa isiyotakiwa.

Basi mwenye kopi achukue sura ya 2 na ya 3. Ya 4 airudie na mizani chini ya silo, kiangazi na wakati wa mvua, akiandika unyevu wa hewa kila siku ya kipimo. Karatasi za vipimo vyangu ninazo bado, ziko na tarehe. Mwenye kuzitaka aniandikie.