Nani Kamfunga Nani? Maneno ya Kufungwa katika Maandishi ya Njia ya Misafara

Makala hii ilizaliwa darasani. Katika somo la tafsiri tulipewa aya ya Kiingereza inayohusu msafara uliopita Unyanyembe katika karne ya 19. Ndani yake mlikuwa na maneno matatu: fetter, manacle na yoke. Kundi letu likayamaliza yote matatu kwa neno moja tu: "walifungwa". Tukapata maksi zetu, tukaenda zetu kula. Lakini mimi ni mtoto wa Isevya, Tabora, mji ambao misafara ya Ujiji na ya pwani ilikutana, na lile "walifungwa" likanikaa rohoni kama mwiba. Walifungwa nini? Wapi? Na nani?

Wenzangu wengi husema, "Ah, Kiswahili hakina maneno hayo." Dai hili si la kweli. Kiingereza kimeyagawa maneno haya kwa viungo vya mwili: fetter ni ndugu wa neno foot, yaani mguu, manacle limetoka katika neno la Kilatini manus, yaani mkono, yoke ni ya shingo. Kiswahili nacho kina kongwa, mti wenye panda uliovishwa shingoni. Kina mkatale, gogo lenye matundu ya kubania miguu. Kina pingu, za mikono na za miguu. Kina mnyororo, uliounganisha watu wengi wakatembea kama mtu mmoja. Ni lugha iliyoiona njia hiyo kwa macho yake. Basi tatizo letu si umaskini wa msamiati bali ni uvivu, au labda ni aibu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Kiingereza hakilionyeshi na Kiswahili kinalionyesha wazi. Kitenzi "kufunga" kinafanya kazi nyingi. Mpagazi anafunga mzigo. Msafara unafunga safari. Mateka anafungwa. Njia ni ile ile, kitenzi ni kile kile. Kinachomtenga muungwana na mtumwa ni kile kiambishi kidogo cha kutendwa, -w-, pamoja na kiambishi cha nafsi kilichokaa mwanzoni. Kwa hiyo mhakiki wa maandishi ya enzi hiyo asiishie kuuliza "walifungwa kwa nini?" Aulize: nani anafunga, na nani anasimulia?

Tuanze na Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Kitabu hiki aliandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akakichapisha mwaka 1902 na 1903. Mwandishi si mgeni kwetu: baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mkubwa Unyanyembe. Fani ya kitabu ni simulizi la safari, na injini yake ni "nika-": nikaenda, nikapiga, nikachukua. Mfano mzuri ni habari ya wapagazi wa Kizaramo waliomtoroka. Anatueleza jinsi alivyoingia vijijini mwao akakamata watu kwa mamia, hata wakampa jina la Kingugwa. Analisimulia jina hilo bila kuona haya. Msomaji anamjua mfungaji barabara, hadi utani wake, lakini Wazaramo wale wamebaki kuwa "wa-" tu. Hawana sauti. Hatumsikii hata mmoja akisema njaa inauma.

Upande wa pili yupo James Mbotela na Uhuru wa Watumwa (1934). Hapa waliofungwa ndio kiini cha hadithi, na baba yake mwandishi mwenyewe alikuwa mmoja wa watumwa waliookolewa wakawekwa Freretown, Mombasa. Hilo ni pongezi kubwa. Lakini tukichunguza maudhui tunaona kasoro ambayo wahakiki wengi wamekwisha kuitaja: Mwingereza ndiye mkombozi, naye anasifiwa mno. Kisarufi ni hivi: kwa Tippu Tip watu wanafungwa; kwa Mbotela wanafunguliwa. Maneno yamepinduka, lakini ile -w- iko pale pale! Mnyonge bado ni mtu wa kutendwa. Amebadilishiwa mtendaji tu.

Je, historia ndivyo ilivyokuwa? Hapana. Kwanza, si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye ujira wao, na mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo (2006). Anayetafsiri neno porter kwa "mtumwa" anawafunga watu ambao hata Tippu Tip hakuwafunga. Pili, waliofungwa hawakungoja kufunguliwa. Neno "mtoro" ni shahidi. Miongoni mwa rugaruga wa Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, walikuwamo watumwa waliotoroka. Huko nyuma ya pwani ya Kenya watoro walianzisha makazi yao wenyewe, kama Fuladoyo. Watu hawa walistahili kitenzi kisicho na -w-.

Likizo iliyopita nilimpelekea bibi yangu swali hili. Alikuwa barazani anachambua mchele. Akaniuliza, "Sasa nyie huko chuoni mnasoma kamba?" Kisha akasema, "Mjukuu wangu, usiulize kafungwa nani. Uliza kwanza kamba ilikuwa ya nani." Nikamwambia nimetafuta kitenzi cha mtu anayejitoa mwenyewe kwenye kamba. Akacheka. "Mbona kipo? Kujifungua. Ila mmetuachia wanawake."

Nilinyamaza. Kweli, lugha yetu inamwona mzazi kuwa ni mtu aliyefungwa akajitoa mwenyewe, kwa uchungu na kwa nguvu zake. Maharusi nao tunawafungisha "pingu za maisha" huku tunapiga vigelegele. Chuma cha njia ya misafara tumekipamba maua. Nafsi ya kujikomboa tumeipeleka wodi ya wazazi.

Mtu atasema haya ni ya kale. Si ya kale. Sheria ya mwaka 1962 ya Tanganyika ilimruhusu Rais kumweka mtu ndani bila kesi, na Kiswahili cha serikali kikampa mtu huyo mahali panapoitwa "kizuizini". Magazeti nayo yanaandika fulani "anashikiliwa kwa mahojiano". Ni maneno laini. Hayana shingo, hayana mkono, hayana mguu. Na mara nyingi hayana mtendaji. Kumbe "walifungwa" ya kundi letu ina ndugu zake mjini!

Ndiyo maana Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla ina uzito wa pekee. Mshairi alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi hayo aliyatunga humo humo gerezani. Hapo mfungwa ndiye mwenye "ni-". Mwili umezuiliwa, lakini nafsi ya kwanza haikuzuiliwa, na hakuna mfadhili aliyemwazima sauti. Aliyetembea na kongwa kupita Tabora hakuachiwa kalamu ya namna hiyo.

Kwa hiyo rai yangu kwa watafsiri wenzangu ni ndogo. Penye kongwa tuandike kongwa, penye mkatale tuandike mkatale. Panapofichwa mtendaji, tumtafute tumtaje. Na mtu aliyekata kamba yake mwenyewe tusimwandike eti "alifunguliwa".

Aya yetu ya darasani nimeitafsiri upya. Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza kwa mistari miwili, na mwalimu hajairudisha bado.