Maziwa ya Mpemba na Neno "Kuganda"

Miongoni mwa maandishi ambamo Mtanzania ameeleza mwenyewe jinsi alivyofikia wazo la kisayansi, yale ya Erasto Mpemba yana nafasi ya pekee. Yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, pamoja na sehemu ya Denis Osborne, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Yanastahili Kiswahili; lakini atakayeyafasiri atakwama kwenye neno moja.

Mpemba anasimulia mambo ya 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Kwa kugombea nafasi katika jokofu alitia maziwa ya aiskrimu yakiwa ya moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa baridi ya mwenziwe. Alipouliza sababu alichekwa, na wazo lake likabezwa kuwa ni fizikia ya Mpemba. Sifa ya simulizi hii ni kwamba mwandishi hasutani na mtu. Anadadisi watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga, anarudia jaribio, na hatimaye, akiwa Mkwawa, Iringa, anamwuliza Osborne mbele ya wanafunzi wenzake. Dosari ya jaribio la kwanza ni kwamba mwenziwe hakuchemsha maziwa; tofauti haikuwa ya halijoto peke yake. Swali aliloulizwa Osborne liliondoa dosari hiyo: maji ya ujazo sawa, ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 za sentigredi.

Sasa istilahi. Mtu akisema katika soko la Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwamba maziwa yameganda, msikilizaji huona kibuyu cha mtindi, haoni jokofu. Mwalimu wa Arusha atakayesoma darasani kwamba maziwa ya moto "yaliganda" kwanza atakuwa amefundisha jambo jingine kabisa.

Tena utata hauishii kwenye maziwa. Osborne alipima muda hadi maji *yaanze* kuwa barafu. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, na hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Anayetumia "kuganda" kwa yote mawili huwagombanisha watu waliopima vitu viwili.

Kwa hiyo twapendekeza:
(a) maziwa ya kibuyu yaitwe mtindi au mgando;
(b) katika fizikia pasemwe "kufikia nyuzi 0", "kuanza kuwa barafu" na "kuwa barafu kabisa";
(c) "joto" lisitumiwe panapotakiwa "halijoto".

Hakuna neno jipya hapa. Mpemba alichekwa kwa kuuliza. Mwanafunzi wa leo asinyimwe swali hilo kwa sababu tu lugha yake haikupangwa vizuri.