Wezesha, Lemaza na Daftari la Zamu

Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na vitabu vya kiada. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki karatasi ya maelekezo ya kompyuta, kurasa mbili tu, ambayo mwandishi wake ni mimi mwenyewe. Niliiandika kwa ajili ya walimu wa Kiswahili tuliokutana nao kwa mafunzo ya siku mbili huko Ludara, wilayani Koboko. Karatasi hiyo ilishindwa kazi yake, na sababu ni ya kilugha zaidi kuliko ya kiufundi.

Kwanza tuangalie mazingira. Wilaya ya Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Eneo zima la West Nile lilikaa nje ya gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Kabla ya hapo lilitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak chenye megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Vijijini wengi bado wanategemea sola. Kompyuta mpakato tulizotumia zilikuwa kuukuu na betri zake zimechoka. Zilikuwa na mfumo endeshi huria wa Linux. Kila zilipowashwa zilikaa kimya karibu dakika mbili, zikingoja mtandao ambao haukuwapo.

Kisa chake ni hiki. Kompyuta inapoamka huita huduma nyingi, kila moja na kazi yake: ya saa, ya printa, ya mtandao na kadhalika. Katika mifumo mingi ya Linux mwitaji huyo ni programu iitwayo systemd, iliyoanza mwaka 2010 na kuwa chaguo la kawaida katika Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015. Miongoni mwa huduma zake ipo systemd-networkd-wait-online, ambayo kazi yake ni kungoja tu. Isipopangiwa vinginevyo, hungoja mtandao hadi sekunde 120 ndipo ikate tamaa. Kwenye seva ya mjini hilo lina maana, kwa kuwa programu nyingine haziwezi kuanza bila mtandao. Kwa mwalimu mwenye betri ya saa moja, ni hasara ya kila asubuhi.

Dawa yake ni amri moja. Karatasi yangu ilitoa amri nne, nami nikazifasiri hivi: "start" ni anzisha, "stop" ni simamisha, "enable" ni wezesha, "disable" ni lemaza. Nikaeleza kwamba huduma ya kungoja isimamishwe, kisha ilemazwe. Siku ya kwanza walimu wakafanya kazi vizuri. Siku ya pili kompyuta zikangoja dakika mbili zilezile.

"Mwalimu, jana si tuliisimamisha? Mbona imerudi?" aliuliza mmoja wao.

Nikamuuliza kama aliandika amri ya pili.

"Hapana. Tuliogopa kulemaza kompyuta ya shule."

Jibu hilo lilinifunza zaidi ya semina nyingi za istilahi. Neno lemaza tumelizoea katika menyu za simu na kompyuta hata hatulisikii tena. Walimu wa Ludara walilisikia. Kulemaza ni kumtia mtu kilema, na kilema hakiondoki kwa kubonyeza kitufe. Tukiacha kwamba neno lenyewe linawakera wenye ulemavu, halisemi ukweli wa jambo. Huduma iliyopewa amri ya "disable" haikuharibika hata kidogo. Imeondolewa tu katika orodha ya wale wanaoamshwa kompyuta inapowashwa. Bado inaweza kuanzishwa kwa mkono, na hata huduma nyingine inayoihitaji inaweza kuiita.

Wezesha nalo lina kasoro ya aina hiyo. Anayewezeshwa hupewa uwezo. Lakini amri ya "enable" haiipi huduma uwezo wowote mpya, wala haianzishi saa hiyo. Inaiandika orodhani ingoje siku ya pili. Mwanafunzi akiambiwa "wezesha", atategemea kuona kitu kikitendeka papo hapo. Asipokiona atadhani amekosea.

Nilipokuwa bado nahangaika kueleza, mwalimu mmoja wa kike aliyekaa nyuma akasema, "Kumbe ni daftari la zamu!" Sote tukaelewa. Kumwita mwalimu aje kazini sasa hivi ni kumwanzisha. Kumwambia arudi nyumbani leo ni kumsimamisha, lakini kesho atakuja kwa sababu jina lake lingali katika daftari. Kumwandika zamu ni jambo jingine, na kumfuta zamu ni jingine tena. Iko na amri ya tano, "mask": hii ni kumfungia lango, hata akiitwa na mwenzake asiingie.

Kwa hiyo napendekeza, katika habari ya huduma za kompyuta, tuseme anzisha, simamisha, andika zamu, futa zamu na fungia. Karatasi iliyosahihishwa sasa inasema: "Futa zamu ya huduma ya kungoja mtandao," kisha inaonyesha amri yenyewe: sudo systemctl disable systemd-networkd-wait-online. Inaongeza tahadhari kwamba kinachofutwa ni mngojaji tu, si huduma ya mtandao yenyewe, na kwamba kompyuta inayotegemea mafaili ya mtandaoni tangu kuwaka isiguswe.

Najua wenzangu watasema kwamba wezesha na lemaza yamekwisha kuenea, na kuyabadili ni kuwachanganya watu. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo kitufe kinafanya jambo moja tu. Hapa kuna mambo mawili, la sasa na la kesho, na tangu zamani mafundi walikuwa na amri mbili tofauti: katika mifumo ya Red Hat, "service" ilishughulikia la sasa na "chkconfig" la kesho. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenga.

Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili na kuthibitisha kwamba programu huria zinaweza kusema lugha yetu. Uganda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Lakini walimu wa Ludara wanasoma Kiingereza bila taabu. Wakiona maelekezo ya Kiswahili yanawatisha au kuwapoteza, watarudi kwenye yale ya Kiingereza kimyakimya, nasi tutabaki na lugha rasmi isiyotumika kazini.

Istilahi ijaribiwe kwanza mbele ya watu wenye kazi ya kufanya, ndipo ichapwe. Mimi niliichapa kwanza. Wenye maneno bora kuliko andika zamu na futa zamu wayalete, tuyajaribu katika mafunzo yajayo.